Farasi Hapimwi Peke Yake

Katika vijiji vya Uingereza na Ireland, miezi ya baridi ina sikukuu zake ambazo hazimo katika kalenda ya kanisa wala ya serikali. Mwisho wa wiki mkulima hufungua geti la malisho yake, magari yakapangwa juu ya majani, mahema yakasimamishwa, wapokea dau wakapanda kwenye visanduku vyao na mbao za bei, na watu waliovaa buti za mpira wakaanza kubishana nani atashinda. Hizi ndizo mbio za mashambani, zinazoandaliwa na vikundi vya wawindaji. Wapandaji wake ni watu wa ridhaa: mkulima, mwanafunzi, daktari wa mifugo, fundi wa kupigilia farasi viatu. Farasi wanaofanya vizuri huko hupanda ngazi hadi mbio za farasi wa uwindaji katika viwanja rasmi, na kilele cha msimu ni siku mbili: ya Cheltenham mwezi Machi, na ya Aintree, karibu na Liverpool, kwa kawaida mwezi Aprili.

Katika mbio za kulipwa mtu anaweza kukaa na simu yake, akasoma kasi, uzito na matokeo ya miaka mitatu, kisha akaweka dau bila kumjua yeyote. Mbio za ridhaa hazimpi raha hiyo. Hapa farasi hupimwa pamoja na waliomlea na yule atakayekaa mgongoni mwake, na anayeijua nyumba alikotoka ana la kusema kuliko anayejua takwimu tu.

Asili ya mchezo wenyewe ni ujirani. Mwaka 1752 watu wawili wa kaunti ya Cork, Ireland, Edmund Blake na Cornelius O'Callaghan, walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, mwendo wa karibu kilomita 7, wakiruka kuta, mitaro na chochote kilichokuwa mbele yao. Walilenga mnara wa kanisa kwa kuwa ulionekana kutoka mbali. Mbio zote za kuruka viunzi za leo zinajihesabu kuwa kizazi cha shindano hilo.

Uhusiano wa mbio na uwindaji haukukatika. Kwa desturi, farasi hakuruhusiwa kushindana mpaka kiongozi wa kikundi cha wawindaji atie saini cheti cha kuthibitisha kwamba ametoka na mbwa msimu huo. Uwindaji wa mbweha kwa mbwa ulipigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005 baada ya ubishi uliowagawa watu wa mjini na wa shamba, na hata shamba lenyewe. Vikundi vilibaki, vikahamia kwenye kufuata harufu iliyoburutwa ardhini makusudi. Mbio zikabaki pia, zikiwa bado chanzo cha mapato cha vikundi hivyo na mahali pa majirani kukutana.

Fungua kijitabu cha mbio utaona alama nyingine ya zamani. Mpandaji wa kulipwa huandikwa jina tupu. Wa ridhaa hutanguliziwa "Bwana" au "Bi" kwa Kiingereza. Enzi hizo alama hiyo ilimtenga mwungwana anayecheza kwa kujifurahisha na mtumishi anayepanda ili ale. Leo maana imepinda. Patrick Mullins wa Ireland ni mpandaji wa ridhaa, lakini ameshinda mbio nyingi kuliko wengi wanaolipwa, anafanya kazi katika banda la baba yake Willie Mullins, bingwa wa wakufunzi, na mwaka 2025 alishinda Grand National yenyewe, mbio kuu za Aintree, juu ya Nick Rockett. Pembeni yake kwenye mstari wa kuanzia anaweza kusimama kijana aliyekamua ng'ombe alfajiri hiyohiyo. Hata uzito umewekwa kwa kumfikiria kijana huyo: Cheltenham farasi hubeba kilo 76, na majike hupunguziwa, kwa sababu mtu wa jembe hawezi kujikondesha kama joki wa kazi.

Sasa tuwaangalie washindani wenyewe. Kwa kawaida wamo wa aina tatu. Wa kwanza ni mzaliwa wa nyumbani, ambaye mama yake naye aliwinda kwa mwenyewe huyohuyo. Hukua taratibu, na hajulikani nje ya wilaya yake mpaka siku anapowashangaza watu. Wa pili ni mkongwe aliyetoka banda kubwa. Alishinda mbio za kulipwa akiwa kijana, miguu ikaanza kulalamika, na sasa akiwa na miaka 10 au zaidi amepewa maisha mapya. Pacha du Polder, wa banda la Paul Nicholls, alishinda Cheltenham mwaka 2017 na 2018 akiwa na miaka 10, kisha 11. Wa tatu ni farasi wa biashara: kijana aliyenunuliwa, akafunzwa na kushindanishwa mashambani ili aonekane na auzwe. Ireland imeifanya kazi hii kuwa soko kubwa, na farasi wa miaka minne aliyeshinda Jumapili anaweza kuwa amehama banda kabla ya mwezi kwisha. Mkongwe hupimwa kwa kuuliza amebakiza nini, na kijana kwa kuuliza ameonyeshwa kiasi gani na kufichwa kiasi gani.

Halafu kuna rekodi, ile mistari ya tarakimu na herufi mbele ya jina. Tarakimu ni nafasi aliyomaliza. F ni kwamba alianguka, U alimwangusha mpandaji, P alisimamishwa kabla ya mwisho, R aligoma kuruka. Mgeni akiona P tatu mfululizo humfuta farasi papo hapo. Mwenyeji huuliza kwanza: alisimamishwa wapi, juu ya udongo gani, na nani alikuwa mgongoni? Wapo farasi wanaoyeyuka kwenye tope la Februari, ardhi ikikauka mwezi Aprili wakageuka wengine kabisa. Ushindi nao haulingani. Kuna mbio za wanachama wa kikundi kimoja, ambamo farasi watatu huweza kuzunguka shamba na wawili wakaanguka. Kuna mbio za farasi ambao hawajawahi kushinda. Na kuna mbio za wazi, ambako hukutana wakali wa mkoa mzima. Tarakimu 1 ya mbio za wanachama na 1 ya mbio za wazi zimeandikwa kwa wino uleule, lakini hazina uzito mmoja. Hata muda wa saa ni shahidi dhaifu, maana uwanja mmoja uko mlimani, mwingine bondeni. Jambo ambalo wazee huliogopa kuliko F ni R, kwani kuanguka kwaweza kuwa ajali, na kugoma ni tabia.

Robo saa kabla ya mbio, watu hukusanyika kuzunguka duara ambamo farasi hutembezwa. Hapa maneno hupungua na macho hufanya kazi, kama kwa mnunuzi mzoefu kwenye mnada wa ng'ombe. Wa kwanza kuangaliwa ni mwendo: farasi aliyelegea vizuri huuvuka kwa kwato ya nyuma unyayo ulioachwa na ya mbele, na kichwa hucheza juu na chini bila haraka. Misuli ya mapaja ya nyuma iwe imejaa, mbavu zionekane kidogo, tumbo lisining'inie. Jasho jepesi shingoni si neno, ila povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma siku ya baridi lina maana kwamba farasi ameshaanza kukimbia mbio zake kichwani na atazimaliza kabla ya wakati. Masikio yakisimama na kugeukageuka, yupo macho. Yakilazwa nyuma, kuna jambo linamuudhi. Kisha macho hushuka kwenye kano za nyuma ya miguu ya mbele. Ugonjwa wa kano hizo huacha uvimbe kidogo hata baada ya kupona, na mkongwe mwenye uvimbe huo kwenye ardhi ngumu ni pesa za kutupa.

Uwanja nao huchagua watu wake. Cheltenham ni kilomita 5.3 na viunzi 22, njia na umbali uleule wa Gold Cup, mbio kuu za Cheltenham, inayokimbiwa alasiri hiyohiyo, na mwisho wake ni mlima. Unamdai farasi pumzi. Aintree ni karibu kilomita 4.2 na viunzi 18, na viunzi hivyo ndivyo vya Grand National, kikiwamo Becher's Brook, ambako farasi hutua chini ya alipoondokea. Unamdai akili na miguu myepesi. Ndiyo maana aliyeshinda katika viwanja vyote viwili msimu mmoja hukumbukwa kwa jina. On The Fringe wa mkufunzi Enda Bolger alifanya hivyo mwaka 2015 na tena 2016, na kila mara akaongeza mbio za Punchestown nyumbani Ireland.

Kipimo cha mwisho ni mpandaji, na hapa ndipo mbio za ridhaa huvunja mioyo. Mwaka 2013 huko Cheltenham, Oscar Delta alikuwa ameruka kiunzi cha mwisho akiwa mbele, ushindi ukiwa mkononi mwa Jane Mangan. Mstari wa mwisho ukiwa mbele yao, farasi akakengeuka ghafla, binti akaanguka, na Salsify akapita akashinda kwa mwaka wa pili mfululizo. Hakuna rekodi ambayo ingeweza kulitabiri. Mpandaji wa kazi hupanda mara mamia kwa mwaka. Wa ridhaa huenda akapanda mara chache kwa msimu, na kukiwa na farasi 24 mbele ya kiunzi cha kwanza, uzoefu huo mdogo huonekana. Hata hivyo mbio hizi ziliwafungulia wanawake mlango mapema: Caroline Beasley, juu ya Eliogarty mwaka 1983, ndiye mwanamke wa kwanza kushinda katika tamasha la Cheltenham.

Pamoja na yote hayo, nyumba ndiyo inayosema zaidi. Mwaka 2020 It Came To Pass alishinda Cheltenham kwa bei ya 66 kwa 1. Alifunzwa na Eugene O'Sullivan wa Cork na kupandwa na bintiye Maxine. Familia hiyohiyo ilishinda mbio hizohizo mwaka 1991 kwa Lovely Citizen, Eugene akiwa mkufunzi na ndugu yake mpandaji. Mwaka 2024 jike Sine Nomine alishinda akiwa chini ya mkono wa Fiona Needham, ambaye mwaka 2002 alikuwa amezishinda akiwa mpandaji. Aliyemaliza wa pili ni Its On The Line, farasi wa banda la kulipwa la Emmet Mullins, ambaye alishika nafasi hiyohiyo mwaka 2023 na 2025.

Mabanda ya namna hiyo ndiyo chanzo cha manung'uniko makubwa ya siku hizi. Mkulima anauliza atashindana vipi na mkufunzi mwenye farasi wengi, wafanyakazi na matajiri wa kununua. Masharti huwekwa kuwazuia waliong'ara sana kwenye mbio za kulipwa, na kila msimu ubishi huzuka upya: yakilegezwa, mtu mdogo anamezwa, yakikazwa, mbio zinakosa hadhi. Wanaotetea mtu mdogo hutaja Spartan Missile, aliyezalishwa, kumilikiwa, kufunzwa na kupandwa na mtu mmoja, John Thorne, ambaye mwaka 1981 alimaliza wa pili katika Grand National akiwa babu wa miaka 54, na mwaka uliofuata akafa kwa kuanguka katika mbio za mashambani. Hutaja pia Grittar wa mkulima Frank Gilman, aliyeshinda Cheltenham na Aintree mwaka 1981, kisha Grand National mwaka 1982 akipandwa na Dick Saunders, mkulima mwenye miaka 48, aliyetundika tandiko siku hiyohiyo.

Mifano hiyo haithibitishi kwamba mnyonge hushinda daima. Mara nyingi hushindwa, na jirani yake anayeweka dau kwa mapenzi huenda nyumbani mfuko mtupu. Inathibitisha kwamba wenyeji wanapouliza farasi ni wa nani, ametoka kwa nani na atapandwa na nani, hawapigi soga. Majibu hayo hayamo kwenye kijitabu cha mbio. Anayetaka kuyapata hana budi kuhudhuria mashambani msimu mzima, kununua chai kwenye hema, na kujulikana kwa jina.