Mafuta ya zeituni na limau hayatoi mawe ya nyongo

Wasomaji wanauliza tena na tena: je, mafuta ya zeituni, maji ya limau na haluli hutoa mawe ya nyongo kwa usiku mmoja? Wengine wanaapa wameviona chooni kwa macho yao, vigololi vya kijani. Vigololi vipo kweli, ila si mawe.

Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha kisa cha mwanamke wa miaka 40 aliyekunywa mililita 600 za mafuta ya zeituni na 300 za maji ya limau. Vigololi vilipotoka, akavihifadhi kwenye friza na kuvipeleka kwa madaktari. Vilipopashwa moto wa nyuzi 40 tu, ndani ya dakika 10 viliyeyuka vikawa majimaji ya kijani yenye mafuta. Havikuwa na kolesteroli, bilirubini wala kalisi. Ilikuwa sabuni, iliyojitengeneza tumboni kwa mafuta yaleyale aliyokunywa. Mawe yake halisi yalitolewa kwa upasuaji.

Hatari ya kunywa mafuta hayo inaanzia kwenye homoni. Mafuta hayaushtui utumbo mpaka kimeng'enya cha kongosho kiyavunje. Asidi za mafuta zinazopatikana hugusa seli maalumu mwanzoni mwa utumbo mwembamba, nazo humwaga kwenye damu kolesistokinini, homoni waliyoigundua Ivy na Oldberg kule Chicago mwaka 1928. Na seli hizo ni hodari wa kupima: utafiti wa 1999 ulionyesha kuwa asidi yenye kaboni 11 haiziamshi, yenye 12 inaziamsha! Homoni ikimwagika, mfuko wa nyongo hujikamua, mlango wa mrija wa nyongo hulegea, kongosho humwaga vimeng'enya, tumbo hupunguza kasi ya kushusha chakula, na ubongo hupata habari kwamba shibe imeingia.

Sasa ukamue hivyo mfuko wenye mawe. Jiwe dogo laweza kunasa mrijani, mfuko ukavimba na homa ikapanda. Likinasa chini zaidi, kongosho huanza kuunguzwa na vimeng'enya vyake yenyewe, na watu hufa kwa hilo. Anayekuuzia chupa hiyo hatakuwepo wodini.

Kuacha mafuta kabisa ili upungue uzito haraka nako si dawa: nyongo isiyokamuliwa hutuama, na ikituama huzaa mawe.

Ukiumwa chini ya mbavu za kulia kila ulapo chipsi, kapigwe ultrasaundi. Macho yakiwa manjano, au ukishikwa na homa na kutetemeka, nenda hospitali usiku huohuo.