MFALME ALIYEBEBA KITUNGA CHA MAWE



Katika somo la historia tunaonyeshwa zile picha za zamani za ufalme wa Kongo: wakubwa na nguo zao za fahari, askari, watu wanaobebwa mabegani safarini. Wengine wanazitazama kama fotografia. Sivyo.

Zilitoka wapi? Mreno Duarte Lopes alifika Kongo mwaka 1578. Baadaye, huko Roma, alimsimulia Mwitalia Filippo Pigafetta, naye akatoa kitabu mwaka 1591. Kisha ndugu wawili wa jamaa ya de Bry, mjini Frankfurt, wakakitoa tena kwa Kijerumani mwaka 1597 na kwa Kilatini mwaka 1598, pamoja na picha. Hawa hawakukanyaga Kongo hata siku moja.

Kazi ilikuwa hivi: fundi anachonga mistari juu ya bamba la shaba kwa chuma chenye ncha. Anapaka wino, anapangusa, wino unabaki ndani ya mistari tu. Halafu karatasi inakandamizwa juu yake. Ni karibu sawa na stensi ya gazeti letu: kinachotoka ni kile mkataji alichokata. Ndiyo maana watu wa Kongo walipewa miili kama sanamu za Waroma!

Lakini kitabu chenyewe kina habari moja nzito. Mfalme Afonso wa Kwanza, yaani Mvemba a Nzinga, alipojenga kanisa Mbanza Kongo (leo ni Angola), hakusimama tu kusimamia. Alibeba begani kitunga cha kwanza cha mawe, na malkia akabeba cha mchanga, ili wakubwa na raia wafuate mfano. Lopes hakuyaona haya kwa macho, kwa sababu mfalme alikufa mwaka 1542 hivi. Ni habari aliyosimuliwa. Hata hivyo, watu walichagua kumkumbuka mfalme wao na kitunga begani.

Afonso hakuwa malaika. Utawala wake pia uliuza mateka. Lakini mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno barua kali: wafanyabiashara wanakamata raia wake, hata jamaa yake. Aliomba mapadri na walimu, si bidhaa.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Uvira? Tangu mafuriko ya mto Mulongwe ya mwezi wa nne 2020, kila mtu hapa anajua uzito wa jiwe. Siku ya salongo, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanauliza: «Na wakubwa, wao wanabeba nini?» Ni swali la haki. Sisi wa mwaka wa sita tuliokabidhiwa daftari la majina tumepatana: Jumamosi hii, mwenye daftari atabeba kitunga cha kwanza, ndipo aite jina la mwenzake.

Njooni mapema.