Vidari Viwili katika Friza Moja

Mama alipokuja kwangu Muscat kutoka Unguja, alikuja na sanduku la karafuu na mdalasini, na sharti la daktari wake: presha imepanda, apunguze mafuta na chumvi. Mie nikajitwika kazi ya kusoma pakiti. Duka kubwa la karibu na kwetu Ruwi lina friza ndefu ya kuku watupu, wa Brazil, wa Saudia, wa hapa hapa Oman. Nikatoa pakiti mbili, zote za kidari kisicho na ngozi wala mfupa. Ya kwanza iliandikwa kilokalori 120 kwa gramu 100. Ya pili, 165.

"Kwani kuku si kuku?" mama akauliza. "Huyu wa pili kalishwa nini?"

Jibu lilikuwa nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo kama chawa: ile ya pili ilikuwa nyama iliyokwisha kuokwa. Nikazinunua zote mbili. Usiku ule nikaweka kidari kibichi juu ya mizani ya jikoni, gramu 200 kamili, nikakioka bila tone la mafuta. Kilitoka na gramu 146. Kilichopotea ni maji, karibu yote, na maji hayana kalori. Kibichi kilikuwa na kilokalori 240. Kilipoiva zilikuwa zile zile 240, ila sasa zimebanana ndani ya gramu 146. Gawa, utapata kama 164 kwa kila gramu 100. Hakuna aliyedanganya. Mmoja kampima kuku kabla ya moto, mwengine baada ya moto.

Maji hayo hayo hufanya mchezo wa kinyume pia. Viwanda vingine humdunga kuku maji ya chumvi kwa sindano, ati nyama isikauke jikoni. Na kweli haikauki, lakini uzito nao huongezeka, nasi twanunua kwa uzito. Gramu 100 za kidari zikinyweshwa gramu 20 za maji, zile kilokalori 120 hutawanyika kwenye gramu 120, na pakiti itasomeka 100. Mnunuzi atadhani kapata kuku mkonda kumbe kapata kuku aliyelowa. Siku hizi mie huanza na mstari wa protini. Kidari kibichi cha kawaida kina gramu 22 au 23 kwa kila 100. Nikikuta 17 au 18 nashuka kwenye viungo, na mara nyingi nayakuta maji yamejikalia pale pamoja na chumvi yake. Kwa mtu wa presha, chumvi hiyo yanihangaisha kuliko mafuta.

Na mafuta yenyewe? Kuku hayachanganyi na nyama kama ng'ombe aliyenona. Huyaweka zaidi chini ya ngozi na ndani ya tumbo. Paja bichi lenye ngozi lina mafuta kama gramu 16 kwa kila 100, na kilokalori 220 hivi. Lichune ngozi: mafuta yanashuka hadi gramu 4, kilokalori hadi 120, sawa na kidari! Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya protini 4 tu, ndiyo maana ngozi kidogo huiharibu hesabu nzima. Wiki tatu nilimlisha mama kidari kikavu na kumnyima paja, na kosa halikuwa la paja. Bawa ndilo lisilo na dawa. Lina ngozi nyingi kwa nyama kidogo, na kulichuna ni kazi ya mtu asiye na shughuli.

Umri nao umo. Mama alinitangulia katika hili bila kusoma lebo yoyote. "Yule wa mayai aliyezeeka," akasema, "ukimpasua tumbo unakutana na donge la manjano." Ni kweli. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki sita hivi, na mzima pamoja na ngozi ana mafuta kama gramu 15 kwa kila 100. Kuku mkubwa wa kuchemsha hufika 20.

Vile vijipande vya watoto vilivyopakwa unga ni habari nyingine kabisa. Vingi hupitishwa kwenye mafuta ya moto kiwandani kabla ya kugandishwa, kwa hiyo unalipia kuku, ngano na mafuta ya kukaangia kwa bei ya kuku. Kuna pia soseji, ambazo huweza kuwa na nyama iliyokamuliwa na mashine kutoka kwenye mifupa, ngozi ikasagwa humo humo. Nilizipita.

Jumamosi nikaleta mapaja, nikayachuna ngozi mbele ya mama ili aone. Akaridhika, akachukua sufuria mwenyewe, akamimina mafuta ya kukaangia vitunguu: kijiko kikubwa kimoja, kisha cha pili. Kijiko kimoja ni kama gramu 14, yaani kilokalori 120 na kitu, sawa na gramu 100 za kidari kibichi. Nikafungua mdomo nimweleze.

"Vitunguu havikaangwi kwa maji, mwanangu," akasema, akatia cha tatu.