Kifafa cha Mimba na Figo za Mama: Jina la Ugonjwa na Madhara Yanayobaki Baada ya Kujifungua

Makala haya yanachunguza jina la ugonjwa mmoja na mambo ambayo jina hilo huyaficha. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, kifafa cha mimba kwa maana finyu ni degedege linalompata mjamzito, yaani eklampsia. Kwa maana pana, jina hilo hujumuisha pia hali inayoitangulia, prieklampsia, ambayo wengi huiita presha ya mimba. Prieklampsia hutambuliwa shinikizo la damu linapofikia 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, mara nyingi pamoja na protini katika mkojo.

Majina yote mawili yamejengwa kwa a-unganifu: kifafa cha mimba, presha ya mimba. Muundo huo huyafunga maradhi kwenye mimba, na msikilizaji hufikia hitimisho lililo wazi kwake: mimba ikiisha, maradhi nayo yamekwisha. Zaidi ya hayo, neno kifafa huelekeza fikra kwenye degedege pekee. Mwanamke ambaye presha yake ilipanda bila kuanguka hajihesabu kuwa aliwahi kuugua. Jina, basi, linataja wakati wa hatari kubwa, lakini liko kimya kuhusu figo na kuhusu miaka inayofuata.

Ukimya huo una uzito. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Katika prieklampsia, kondo la nyuma humwaga katika damu protini zinazodhuru utando wa ndani wa mishipa midogo. Utando wa mishipa ya vichujio huvimba, na protini ambazo zingebaki katika damu hupenya hadi kwenye mkojo. Baada ya kujifungua, wanawake wengi hupata nafuu katika muda wa majuma au miezi michache. Hata hivyo, baadhi ya seli za vichujio zikishapotea, mwili hauna uwezo mkubwa wa kuzirudisha.

Utafiti wa Vikse na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulitumia sajili za kitaifa za Norway kufuatilia wanawake 570,433 waliojifungua kwa mara ya kwanza kati ya 1967 na 1991. Waliofikia hatua ya mwisho ya ugonjwa wa figo walikuwa 477, yaani chini ya mmoja kwa kila 1,000. Hata hivyo, kwa waliopata prieklampsia katika mimba ya kwanza, hatari hiyo ilikaribia mara 5 ya wenzao. Takwimu hizo hazipaswi kuleta hofu, kwa kuwa wengi hawafiki huko. Zinaonyesha tu ni nani anayestahili kufuatiliwa.

Hapa ndipo lugha ya kliniki inapohitaji uangalifu. Mama anapoambiwa "umepona", mlango wa ufuatiliaji hufungwa. Anapoambiwa "presha imetulia, lakini figo zako zipimwe", mlango hubaki wazi. Vipimo vya mwanzo ni vyepesi: shinikizo la damu na protini katika mkojo, kisha kipimo cha damu cha kreatinini inapohitajika.

Vivyo hivyo, miaka kadhaa baadaye, swali "Je, uliwahi kupata kifafa cha mimba?" linaweza kujibiwa "hapana" kwa nia njema kabisa na mtu ambaye hakuwahi kuanguka. Swali lifaalo zaidi ni hili: "Je, katika mimba yako yoyote uliambiwa kwamba presha imepanda au mkojo una protini?"

Makala haya hayapendekezi kuliacha jina kifafa cha mimba, kwani limezoeleka na huonya upesi. Yanapendekeza kwamba waandaaji wa istilahi, kamusi na vipeperushi vya afya waongeze katika fasili yake maneno machache: kwamba ugonjwa huu hugusa figo, na kwamba ufuatiliaji wake hauishii kwenye kujifungua.