Mtoto Anayejieleza Si Mtovu wa Adabu

Mtoto wa darasa la tatu katumwa dukani na noti ya elfu tano. Amerudishiwa chenji pungufu, ameona, na amenyamaza. Nyumbani anagombezwa kwa uzembe. Hakuna anayemuuliza kwa nini hakumwambia mwenye duka, maana jibu linajulikana: mwenye duka ni mtu mzima, na mtoto habishani na mtu mzima.

Wanasaikolojia hutofautisha njia tatu: kunyamaza na kumeza, kushambulia, na kusema unachotaka waziwazi bila kumdhalilisha unayezungumza naye. Mazoezi ya hii ya mwisho yalianza kama tiba ya watu wazima waliobanwa na woga. Mmarekani Andrew Salter aliandika juu yake mwaka 1949. Baadaye Thomas Gordon, naye wa Marekani, akawapa wazazi na walimu kanuni nyepesi: usimpachike mwenzako jina baya, sema kilichotokea na kilivyokuathiri wewe.

Tuipeleke kwenye dawati. "Mwizi wewe!" huzaa ngumi. Lakini mtoto anaweza kusema: "Umechukua penseli yangu bila kuniomba, sasa nashindwa kuandika. Naomba unirudishie." Maneno hayo yanampa mwenzake nafasi ya kurudisha bila kuaibika. Akichekwa, hana haja ya kutafuta hoja mpya. Arudie maneno yaleyale kwa sauti ileile, na ikishindikana aende kwa mwalimu. Watoto waambiwe wazi kwamba kwenda kwa mwalimu namna hiyo si uchongezi, kwa sababu wengi huumia kimya wakiogopa kuitwa wachongezi.

Stadi hii haifundishwi kwa kunakili ubaoni. Mtoto anaweza kupata maswali yote ya mtihani kuhusu kujiamini na bado akanyang'anywa uji wake mapumziko. Inafundishwa kwa igizo, na hata darasa la wanafunzi themanini linaweza: wawili wawili palepale walipokaa, mmoja achukue penseli, mwingine aidai, kisha wabadilishane. Mwalimu apite akisikiliza. Mpole utamkuta anaongea na kola ya shati lake, na sentensi inafia katikati. Mwambie avute pumzi aimalize. Mkali naye kamsogelea mwenzake hadi puani. Mwambie arudi hatua moja, aseme tena. Dakika kumi zinatosha kwa siku, ilimradi zoezi lirudiwe wiki baada ya wiki.

Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani humtaka mtoto amkazie macho anayezungumza naye. Kwa maoni yangu, tusilishikilie hilo. Katika jamii zetu nyingi mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima, na kumlazimisha ayakaze ni kumtafutia kofi. Asimame wima, sauti isikike, sentensi ifike mwisho.

Vivyo hivyo, "samahani" na "naomba" hazipunguzi uzito wa ujumbe. Sikiliza hii: "Samahani mwalimu, namba nne umenikosesha, lakini jibu langu ni sawa na la ubaoni." Hakuna utovu wa adabu hapo. Mwalimu akichukua daftari, akaangalia na kuweka tiki, darasa zima limeona kwamba kusema kunafaa. Akijibu "unajifanya mjuaji", maigizo ya muhula mzima yamekwenda na maji. Mzazi naye ndivyo hivyo: mtoto akisema chenji haikutimia, mshike mkono mrudi wote dukani, kisha mwache aseme yeye, "Samahani, nilikupa elfu tano, chenji haijatimia." Wewe simama pembeni.

Kuna mahali adabu hizi zote zinakoma. Mtu akimgusa mtoto sehemu zake za siri, au akimtaka afanye jambo na kulificha, mtoto asiombe samahani. Apige kelele "Sitaki!", akimbie, amwambie mtu mzima anayemwamini, na asipoaminiwa amwambie mwingine. Hili nalo lifanyiwe mazoezi kwa sauti kubwa, maana mtoto aliyezoeshwa kunong'ona hapati kelele siku ya hatari. Tena aelezwe kwamba akishindwa kupiga kelele, kosa si lake.

Namba ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya, ni 116, na kupiga ni bure. Walimu na wazazi, hakikisheni kila mtoto anaijua kwa kichwa.