Mipaka ya Diski: Biashara ya Kurudisha Data kutoka Kasese hadi Bwera na Katunguru

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Kwa mwenye kompyuta wa Kasese, habari hiyo ilifika kama ujumbe kwenye kioo, na ujumbe ukampeleka kwa fundi. Fundi huchomeka flashi yenye Windows 11, anaanza kazi, na kazi inagoma: Windows mpya haiwezi kuwekwa kwenye diski hii, kwa sababu mpangilio wake wa mipaka ni wa zamani. Njia ya mkato ambayo mafundi wengi wameizoea ni kufuta patisheni (sehemu za diski) zote, C na D kwa pamoja, kisha kuanza upya. Inachukua dakika moja. Mara nyingi ndani ya D ndimo hukaa daftari la mauzo, orodha ya wadeni na picha za harusi.

Baada ya dakika hiyo, data bado zipo. Kilichofutwa ni maelezo mafupi ya mipaka. Kwenye diski za mtindo wa zamani, MBR, mipaka ya patisheni kuu huandikwa katika sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512: mistari minne ya baiti 16 kila mmoja, na mwishoni alama 55 AA. Mtindo huo ulikuja na kompyuta binafsi za IBM mwaka 1983, na kwa diski za kawaida hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2. Mtindo mpya, GPT, kwa kawaida una nafasi za patisheni 128, na huweka nakala ya ramani yake mwishoni mwa diski. Mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Bukonzo ataelewa upesi: aliyeng'oa miti ya mpaka hajang'oa kahawa. Kahawa huangamia pale mgeni anapoanza kulima juu yake.

Kwenye diski, kulima ni kuandika: kupiga Windows mpya, kumwaga filamu, au hata kusakinisha programu ya kurudisha data kwenye diski ileile iliyopata ajali. Biashara yote ya kurudisha data imo katika muda uliopo kati ya kosa na maandishi yanayofuata. Ni biashara ya kujizuia. Ninaamini huo ndio udhaifu wake mkubwa katika miji yetu, kwa sababu soko linamlipa fundi kwa haraka yake na halimlipi kwa kujizuia.

Barabara itokayo Kasese kwenda kusini hufika Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, na hapo hugawanyika. Ukishika kulia unakwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ukinyoosha unaingia katika Hifadhi ya Queen Elizabeth hadi daraja la Katunguru, juu ya mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Wateja wa ncha hizi tatu hawafanani.

Kasese ni mji wa ofisi. Reli iliufikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mwaka huohuo IBM ilitoa mashine ya kwanza ya biashara yenye diski, RAMAC, iliyokuwa na sahani 50 na ilihifadhi herufi milioni 5 tu, pungufu ya video fupi moja ya simu ya leo. Shaba ilisimama, ofisi zikabaki: shule, SACCO, vituo vya redio, idara za wilaya, na vibanda vya kuchapa na fotokopi ambavyo kompyuta moja hubeba barua, mitihani na mikataba ya mtaa mzima. Diski ya kibanda kama hicho ikipotea, hasara yake inasambaa kwa watu ambao hata hawajui kwamba faili zao zilikuwa humo.

Bwera ni mpaka. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, watu wengi wamejifunza kulitamka jina la mji huu, lakini wafanyabiashara wa Kasindi, Beni na Butembo walikuwa wakivuka hapo tangu zamani, wakiongea Kiswahili na mafundi wa ng'ambo ya mto Lhubiriha. Kompyuta zao ndizo zisizoongea Kiswahili. Laptopu ya mteja kutoka upande wa pili mara nyingi ina baobonye la Kifaransa na Windows ya Kifaransa, na fundi aliyejifunza kazi kwa Kiingereza husoma onyo la kufuta kwa kukisia. Mahali pengine kosa la kufuta ni la uzembe; huko Bwera linaweza kumpata fundi makini kabisa. Kuna pia maktaba za filamu, zile zinazojaza flashi kwa filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ wa Kampala. Mtaji wao wote umo kwenye diski ya nje moja au mbili. Mwenye maktaba akiichomeka kwenye televisheni inayorekodi, televisheni huomba kuiandaa diski; akikubali, imefomatiwa.

Katunguru ni kijiji cha wavuvi na njia ya watalii. Huko mali inayopotea zaidi ni picha: kadi za kamera za waongozaji na wageni waliotoka mferejini kutazama viboko na tembo. Fundi wa simu wa kijijini hana vifaa vya kazi hii, kwa hiyo kadi au diski hupanda taksi ya Kasese ikiwa imefungwa kwa karatasi na mpira. Safari hiyo ina faida moja: inailazimisha diski isiguswe.

Tuangalie kazi yenyewe ikifanywa vizuri. Fundi anaitoa diski kwenye mashine ya mteja na kuichomeka kwenye yake, pembeni. Hawashi Windows iliyomo. Kabla ya yote anatengeneza nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, kisha anaiweka ile halisi kando na kufanyia kazi nakala. Halafu anafungua TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Haina urembo: kioo cheusi na maandishi meupe. Inapita juu ya diski ikitafuta alama ambazo kila patisheni huacha mwanzoni mwake. Patisheni ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ina herufi hizo nne katika sekta yake ya kwanza, na nakala ya sekta hiyo katika sekta yake ya mwisho. Patisheni iliyopatikana hutokea kama mstari wa kijani. Fundi anabonyeza herufi P, na majina ya folda yanateremka: mauzo, picha, mitihani. Mteja akiwa ameketi pembeni, hapo ndipo anapoanza kupumua. Fundi mzuri bado hajaandika kitu. Kwanza ananakili mafaili nje.

Patisheni isipopatikana, hubaki PhotoRec, programu ndugu ya hiyo. Yenyewe haijali mipaka wala majina. Inatambua faili kwa baiti zake za kwanza, kama FF D8 FF zinazoanza picha ya JPEG. Inaokoa mengi, lakini inarudisha maelfu ya mafaili yenye majina ya namba, na video kubwa zilizotawanyika vipandevipande mara nyingi hazifunguki. Kuchambua rundo hilo ni kazi ya siku kadhaa, ambayo mteja haioni na huona vigumu kuilipia.

Sasa tuhesabu muda, maana ndio gharama halisi ya karakana. Diski ya terabaiti 1 ikisomwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa 2 na dakika 47. Ikisomwa kupitia tundu la USB la kizamani, kwa megabaiti 30 hivi kwa sekunde, ni saa 9 na robo. Umeme ukikatika saa ya nane, kazi imekufa, isipokuwa fundi anatumia ddrescue, programu nyingine ya bure, ambayo huandika pembeni ilipofikia na kuendelea kutoka hapo umeme ukirudi. Kwa hiyo mtaji wa kweli wa kazi hii ni diski tupu kubwa, laptopu yenye betri nzima na uvumilivu. Programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa kwa flashi, hazihitajiki, na nyingi huingia na virusi.

Bei ndiyo inayoharibu mambo. Kupiga Windows ni kazi ya saa moja yenye bei inayojulikana mtaani. Kurudisha data hulipwa kwa mtindo wa kupata au kukosa: faili zikionekana mteja analipa, zisipoonekana anabeba mashine yake na kuondoka. Fundi anayefanya nakala kwanza anatumia usiku mzima, anafunga diski yake mwenyewe kwa siku kadhaa, na huenda asipate shilingi. Anayeruka hatua hiyo na kuchezea diski halisi anamaliza mchana, na mara nyingi anabahatisha. Asipobahatisha, hakuna anayeweza kumwonyesha kwamba data zilikuwepo hadi alipozigusa. Soko la namna hii linamwadhibu fundi bora, nami sioni kwa nini tuliache hivyo. Malipo yangegawanywa mara mbili: ada ndogo isiyorudishwa ya kutengeneza nakala na kuchunguza, kisha bei ya uokoaji inayokubaliwa baada ya mteja kuona majina ya folda zake. Kampuni kubwa duniani hutenganisha uchunguzi na uokoaji, na hakuna kinachomzuia fundi wa Kasese kufanya hivyo.

Uchungu mwingine ni kwamba ajali nyingi zinazoingiza pesa hizi hazikuwa za lazima. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina chombo chake, MBR2GPT, kinachobadilisha mpangilio wa diski bila kufuta mafaili. Kina masharti, mojawapo ni kwamba patisheni kuu zisizidi tatu, lakini kwa laptopu ya kawaida yenye C na D mara nyingi kinatosha. Ni amri mbili tu, ya kukagua na ya kubadilisha. Fundi asiyekijua chombo hiki leo anauza hatari.

Na dirisha linazidi kuwa dogo. Diski za SSD, zinazowekwa sasa hata kwenye laptopu kuukuu ili zikimbie, hazifanyi kama diski za sahani. Zikifomatiwa, Windows huziambia kwamba nafasi ile haina kitu tena, nazo huisafisha zenyewe. Mafaili yanaweza kutoweka ndani ya muda mfupi, na hakuna TestDisk itakayosaidia. Juu ya hilo kuna usimbaji: toleo la 24H2 la Windows 11 likiwekwa upya kwa akaunti ya Microsoft, kwenye mashine nyingi huifunga diski lenyewe kwa ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Fundi akitumia barua pepe yake mwenyewe ili amalize usajili upesi, ufunguo wa mali ya mteja umekaa kwake, na mteja hajui. Siku patisheni ikifutwa, hata ikirudishwa, kitakachoonekana ni takataka. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwenye kompyuta aulize anapochukua mashine kutoka karakana: akaunti ni ya nani?

Kuna hasara ambazo si za kazi hii. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, maji na matope yaliivamia hospitali ya Kilembe. Diski iliyoloa, au inayogonga kama saa, haitakiwi kuwashwa hata mara moja. Inataka chumba kisicho na vumbi na vipuri vya diski ya namna ileile, na hiyo ni kazi ya wataalamu wa Kampala au wa Nairobi, kama East African Data Handlers. Fundi wa Kasese anayeifungua kwa bisibisi mezani anaiua.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamhesabu anayeshika data za watu kuwa na wajibu, na kufichua au kufuta data binafsi kinyume cha sheria kunaweza kuleta faini, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Anayerudisha data huona kila kitu: picha za familia, matokeo ya vipimo, madeni. Nakala aliyoitengeneza ikibaki kwenye diski yake baada ya kazi, hatari inabaki nayo. Mfanyabiashara pia ana wajibu wake, kwa kuwa sheria ya kodi inamtaka atunze kumbukumbu kwa miaka 5, na mamlaka ya mapato haipokei hadithi ya diski iliyofutwa mahali pa hesabu.

Wengi hushauri mafaili yahifadhiwe mtandaoni. Kwa nyaraka ndogo ni ushauri mzuri. Lakini tangu Julai 2021 bando linabeba ushuru wa asilimia 12, na Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa siku kadhaa. Maktaba ya filamu ya Bwera au studio ya picha ya Kasese haiwezi kupandisha terabaiti mtandaoni kwa bei hiyo. Kwao jibu ni diski ya pili, inayokaa nyumba nyingine.

Hapo ndipo ninapoona mapato ya mafundi yanayotabirika kuliko haya ya ajali: mkataba wa kila mwezi kwa SACCO, au wa kila mwisho wa muhula kwa shule. Fundi anafika, ananakili, anaandika tarehe kwenye diski na kuondoka nayo au kuikabidhi. Malipo yatolewe baada ya faili kadhaa, zilizochaguliwa na mwenye mali mwenyewe, kufunguliwa mbele yake kutoka kwenye nakala.