Ulimi wa Kuazima Hauonji

Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliisoma nikiwa shule ya msingi, nikaifundisha kwa miaka mingi, hata nikaichambua mbele ya wanafunzi wa shahada. Hata hivyo, ilinibidi nipoteze maelfu ya shilingi madukani ndipo niielewe. Mkakasi wangu ulikuwa chupa ya wiski.

Nitangulize ungamo. Kenyenya nilikozaliwa kuna nyumba nyingi ambamo pombe haitajwi mezani, na nyumba ya mama yangu, aliye Msabato wa tangu ujana, ni mojawapo. Siandiki ili kumtafutia mlevi udhuru, wala kumshawishi mwanafunzi aonje asichokijua. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe yeyote aliye chini ya miaka 18, nami naiunga mkono. Naandika kuhusu kosa nililomtendea mzee aliyenisomesha. Kosa hilo lilitendeka kwa sababu ya chupa, lakini lingeweza vilevile kutendeka kwa sababu ya kitabu, wimbo au kitambaa cha suti.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 2015, miezi michache baada ya kutunukiwa shahada ya uzamifu. Nilikwenda nyumbani nikiwa na zawadi ya baba yangu mdogo, ambaye sisi Wagusii tunamwita tata kama tumwitavyo baba mzazi. Huyu ndiye aliyeuza ng'ombe ili nijiunge na kidato cha kwanza. Niliona haifai kumpelekea blanketi au kilo mbili za sukari kama wafanyavyo watu wote. Nikatoa shilingi 6,500, nikanunua chupa iliyokuwa katika kasha la kadibodi nene lenye maandishi ya dhahabu, kutoka kisiwa cha Islay huko Uskoti.

Jioni tuliketi nje, nyuma ya migomba, mbali na macho ya mama. Nilimmiminia mzee mbele ya wanawe na majirani wawili.

"Tata," nilimwambia, "hiki si kinywaji cha hivi hivi. Kimelala ndani ya pipa miaka kumi."

Mzee akakinusa. Akanywa kidogo, akakaa kimya kwa muda, akanywa tena.

"Mwanangu," akasema, "kimea cha kinywaji hiki kilikaushwa juu ya moshi. Tena kinanukia dawa ya kidonda, ile ya zahanati."

Watu wakaangua kicheko. Mimi niliona haya, na badala ya kunyamaza nikatoa mhadhara. Nilisema kwamba wiski hii inasifiwa na mabingwa wa ulimwengu mzima. Kwamba ulimi uliozoea busaa hauwezi kuifahamu kwa siku moja. Kwamba ladha nayo ni elimu. Niliyasema hayo mbele ya wanawe. Mzee hakukasirika. Aliirudisha glasi mezani taratibu, akaniuliza:

"Na wewe umeionja, au umeisoma?"

Nilijibu kwamba nimeionja. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeinywa, naam, na koo langu lilikuwa limeikataa tangu tone la kwanza. Lakini maneno ya kasha yalinena asali, matunda na bahari, nami nikaamini kwamba kasoro ilikuwa yangu.

Sasa, msomaji, tazama ni nani niliyemwita mtu asiye na elimu ya ladha. Baba yangu mdogo alikulia penye chungu cha amarwa, pombe ya wimbi ambayo wazee waliiketia duara wakaivuta kwa mirija mirefu. Pombe hiyo hutegemea kimea: nafaka huloweshwa, ikaachwa ichipuke, kisha ikakaushwa na kusagwa. Kimea kikikaushwa vibaya juu ya moto wenye moshi, pombe nzima hubeba harufu hiyo. Inasemekana kwamba mzee wetu aliweza kutaja kwa fundo moja kimea kilitoka nyumba gani.

Miezi kadhaa baadaye, nikitafuta kujua kwa nini nimetupa pesa zangu, nilisoma jinsi wiski ile inavyotengenezwa. Nayo huanza kwa kimea, cha shayiri. Katika kisiwa cha Islay desturi ya tangu zamani ni kukikausha kimea hicho kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi, uliojaa mimea iliyooza nusu, ambao hukatwa vipande na kukaushwa kama kuni. Moshi wake huacha ndani ya nafaka kemikali za jamii ya fenoli. Na fenoli ndiyo dawa ambayo daktari Mwingereza Joseph Lister alianza kuitumia kusafishia vidonda mwaka 1865. Moshi, na dawa ya kidonda! Mzee asiyejua kusoma kasha alikuwa amelisoma pipa lenyewe.

Hapo nilikumbuka insha ya mwanafalsafa David Hume, iliyotolewa mwaka 1757, kuhusu kipimo cha ladha. Hume anarejelea kisa kilichomo katika Don Quixote ya Cervantes. Ndugu wawili wa ukoo wa Sancho waliitwa waonje divai ya pipa moja. Wa kwanza aliisifu, ila akasema ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye aliisifu, ila akasema ina ladha ya chuma. Wote wawili walichekwa. Pipa lilipokwisha, chini kabisa ulikutwa ufunguo wa kale uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Nilikuwa nimeisoma insha hiyo nikiwa mwanafunzi na kuitumia katika mtihani. Nilipokutana na ndugu wa Sancho ana kwa ana, Kenyenya, nilikuwa upande wa wachekaji.

Ungedhani kwamba fundisho lilitosha. Halikutosha. Kwa miaka mitatu iliyofuata niliendelea kununua kwa macho. Nilinunua chupa moja kwa sababu rangi yake ilikuwa nzito kama chai ya rangi, nikidhani weusi ni uzee. Baadaye nikajua kwamba sheria za Uskoti huruhusu wiski kutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Nikanunua nyingine kwa sababu ya umri wa miaka 18, nikakuta ni mbao tupu mdomoni. Umri huo una maana yake, kwani ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa chupani, na Uskoti hairuhusu kitu kuitwa wiski kabla hakijalala miaka mitatu katika pipa la mwaloni. Lakini miaka huonyesha muda tu. Haisemi kama kitu kitakupendeza. Nikanunua ya tatu, ya Kimarekani, ambayo kisheria angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi, kwa kuwa profesa mmoja niliyemheshimu aliinywa. Kila mara nilijilazimisha kumaliza chupa, na kila mgeni niliyemkaribisha nilimsomea kasha.

Kwa nini mtu mzima aliyesoma afanye hivyo? Mwanazuoni wa Kifaransa Pierre Bourdieu, katika kitabu chake La Distinction cha mwaka 1979, alionyesha kwamba tunachokiita ladha aghalabu ni cheo kilichovaa nguo nyingine: tunapenda vile vinavyotutenga na watu tunaoogopa kufananishwa nao. Mimi niliogopa kufananishwa na busaa. Na mwaka 2008 watafiti wa California walichapisha jaribio ambalo watu 20 walionjeshwa divai huku ubongo wao ukipigwa picha. Divai moja ya dola 90 ilitolewa mara mbili, mara ya kwanza na ya pili zikitofautiana kwa bei tu, maana mara moja walielezwa kuwa ni ya dola 10. Ilipotajwa kuwa ya dola 90 waliipenda zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikachangamka zaidi. Kumbe bei hutuingia hata ndani ya ulimi.

Dawa niliipata kwa wenzangu. Tulikuwa wahadhiri wanne, tukakubaliana kwamba kila mmoja alete chupa moja nyumbani kwangu. Mke wangu, ambaye hanywi kabisa, ndiye aliyezifunga chupa kwa magazeti, akatumiminia vidogo vidogo katika glasi zilizoandikwa A, B, C na D. Kila mmoja aliandika daftarini mwake bila kusema na mwenziwe. Magazeti yalipofunguliwa, niligundua kwamba niliyoiweka ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, na ile niliyokuwa nikiisifu kwa wageni miaka miwili mizima nilikuwa nimeiandikia maneno mawili: "kali, dufu."

Tangu siku hiyo nanunua toti moja hotelini kabla ya kununua chupa, naongeza matone ya maji ili ukali upungue na harufu zijitokeze, kisha naandika. Nimejua kwamba sipendi moshi. Napenda wiski iliyolala katika mapipa yaliyowahi kutiwa divai nzito ya Kihispania, kwa kuwa ina utamu unaokaribia ule wa sukari nguru ikichemka sufuriani. Mwenzangu mmoja ni kinyume changu. Nilimpa chupa nyingine ya moshi iliyonishinda, naye akaifurahia kwa miezi minne. Hakuna kati yetu aliyekosea.

Kama mwanaisimu, jambo lililonishangaza zaidi ni maneno. Kasha liliniambia habari za maua ya milima ya Uskoti ambayo sijawahi kuyaona, nami nikawa nayarudia. Neno lina mizizi yake katika maisha ya anayelisema. Mswahili akisema "baba" anamtaja mzazi wa kiume. Mgusii akisema "baba" kwa Ekegusii anamwita mama yake. Herufi ni zile zile, lakini ukiliazima neno bila kujua limeota wapi utaita mtu asiye wako. Niliponyima kalamu yangu maneno ya kasha, mwanzoni nilibaki bubu: tamu, kali, chungu, basi. Baadaye yakaja yangu mwenyewe: pera lililoiva kupita kiasi, hindi la kuchoma, majani ya chai yanaponyaushwa kiwandani. Nilipopata neno, ndipo nilipohisi kitu.

Lazima niseme pia mahali ambapo ulimi hautufai. Novemba 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyokuwa na methanoli, na maafa ya aina hiyo yamejirudia nchini, mwaka 2014 na hata 2024. Methanoli haina ladha ya kumwonya mnywaji. Ulimi unaweza kuamua kipi kinapendeza. Kipi ni salama huamuliwa na maabara, sheria na muuzaji mwaminifu. Asiyejua chupa imetoka wapi aiache, hata kama ni tamu.

Walimu wenzangu, mnajua ninakoelekea. Kila mwaka nasahihisha insha za vijana waliotoka shule za upili, nao huniandikia kwamba mwandishi "amefaulu pakubwa katika matumizi ya lugha." Ninapowauliza ni sentensi gani iliyowafurahisha, wananitazama kama nilivyomtazama tata siku ile. Wamesoma mwongozo, riwaya yenyewe hawajaionja. Na mmoja akithubutu kusema kwamba sura ya tano imemchosha, twamjibu kwamba kitabu hiki kimesifiwa na mabingwa. Twamfanyia vile vile nilivyomfanyia mzee, tukiamini kwamba tunamfundisha. Huenda kijana huyo ameonja ufunguo ulioko chini ya pipa. Tungemuuliza: wapi hasa? kwa nini? Kisha tungefungua ukurasa tukautazama pamoja naye. Akiwa amekosea, atajua amekosea nini. Akiwa amepata, tutakuwa tumejifunza sote.

Agosti iliyopita nilirudi Kenyenya. Baba mdogo sasa amezeeka, na daktari amemkataza kila aina ya pombe. Nilikwenda bila chupa. Mbele ya wale wale wanawe nilimweleza habari za udongo wa kinamasi, moshi na fenoli, nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyeonja, mimi nilisoma tu, na kwamba nilimvunjia heshima nyumbani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, kikombe cha chai mkononi.

"Nilijua ni moshi," akasema. Kisha akaniuliza, "Na wewe sasa wapenda nini?"

Nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu swali lile bila kumsomea mtu mwingine.